Maji Yakimwagika Hayazoleki: Ebrahim Hussein na Kinjeketile Wake



Katika likizo iliyopita vijana wa kigango kimoja huku Karatu walituomba sisi mafrateri wawili tuwasaidie kuandaa mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sikukuu ya somo wa kigango chao. Tulitegemea wachague kisa cha Mwana Mpotevu, au cha Yosefu na ndugu zake, kama miaka mingine. Wao wakaja na kitabu kidogo kilichochakaa, jalada limeshikizwa kwa gundi. Kilikuwa *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein.

Jioni ya mazoezi ya pili, mzee mmoja wa kigango alitujia akiwa ameshika fimbo yake. "Mafrateri, wanangu," akasema, "mmemleta mganga kwenye ukumbi wa kanisa. Na vita hiyo ndiyo iliyomuua Askofu." Jioni hiyo hiyo, kijana aliyepewa nafasi ya Kinjeketile alituvuta pembeni na swali lake. "Frateri, huyu mtu nimwigize kama mwongo au kama mkweli?"

Hatukuwa na jibu la haraka kwa yeyote kati yao. Tulimwomba mzee atupe siku chache, tukamwambia kijana aendelee kukariri, kisha tukakaa na kitabu. Makala hii ni matunda ya siku hizo. Tunaeleza mwandishi huyu ni nani, alifanya kazi gani, na kwa nini tunadhani kila anayejiandaa kuwa mhubiri angefaidika kumsoma.

Mwandishi na njia yake

Ebrahim Hussein alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo, akakulia katika mazingira ya Kiislamu ya Waswahili. Kusini huko ndiko Vita vya Maji Maji vilikowaka mwaka 1905. Alipozaliwa, walioiona vita hiyo wakiwa vijana walikuwa wazee ambao bado wangeweza kusimulia.

Katika miaka ya 1960 alisoma sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Akiwa bado kijana aliandika michezo mifupi, ukiwamo *Wakati Ukuta*, unaohusu mzozo kati ya wazazi na mtoto anayetaka kuishi kisasa. Mwaka 1969 kikatoka *Kinjeketile*, kilichochapishwa na Oxford University Press. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 26, mmoja tu zaidi ya umri wetu tunaoandika makala hii. Mwaka uliofuata alikitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamekisoma darasani.

Baadaye alikwenda Berlin ya Mashariki, mji ambao Bertolt Brecht alifanyia kazi yake ya tamthiliya, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt kwa utafiti juu ya maendeleo ya tamthiliya Afrika Mashariki. Aliporudi alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. *Mashetani* ilikuwa imetoka mwaka 1971, nayo inatazama urafiki wa vijana wawili baada ya uhuru, mmoja wa ukoo uliopoteza mali na mwingine wa familia iliyotajirika juzi. Mwaka 1976 zilitoka *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, ambamo aliacha jukwaa la mtindo wa Ulaya na kurudi kwa mtambaji, mtu mmoja anayesimulia mbele ya watu. *Arusi* ilifuata mwaka 1980. Mwaka 1986 aliacha kazi ya chuo kikuu. Mwaka 1988 ikatoka *Kwenye Ukingo wa Thim*, iliyotokana na kesi maarufu ya Kenya juu ya wapi azikwe wakili S. M. Otieno. Mke alidai mwili wa mumewe, ukoo nao ukaudai.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtu wa kiwango hiki hatukumwona kwenye televisheni. Jibu ni rahisi. Katika miaka hiyo hiyo, mwandishi wa Uingereza aliweza kuiandikia BBC mchezo mmoja, ukatazamwa usiku mmoja na mamilioni wakiwa sebuleni kwao. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Mwandishi wetu wa tamthiliya alikuwa na jukwaa la chuo, ukumbi wa shule, redio na kitabu. Kwa hiyo kazi yake ilisafiri polepole, mkononi mwa walimu na wanafunzi. Kitabu walichotuletea vijana wa Karatu kilikuwa na majina matano ya wenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, manne yamekatwa kwa kalamu.

Kisa chenyewe

Kinjeketile Ngwale alikuwa mtu halisi. Aliishi Ngarambe, na katika miaka ya 1904 na 1905 watu walimwendea kuchukua maji ambayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, kwa kung'oa pamba ambayo watu walilazimishwa kulima. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, njaa ikaingia. Wao wenyewe walikadiria vifo 75,000, na wanahistoria wengi wa baadaye wanaona idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Hussein anatuambia kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa fikra zake, hata kama jina na vita ni vya kweli. Katika tamthiliya, watu wanalimishwa pamba kwa viboko na hawaaminiani. Kila kabila lina kinyongo na jirani yake. Kinjeketile anashikwa na pepo Hongo, anazama mtoni, kisha anatoka na habari ya maji. Kwa mara ya kwanza Wamatumbi, Wangindo na wengine wanasimama pamoja.

Halafu tatizo linaanza. Akiwa katika hali ile ya kupandwa, Kinjeketile alisema pia kwamba baada ya kuwashinda Wajerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Akili inapomrudia, maneno hayo yanamtesa. Inawezekanaje kumfukuza bwana mmoja ili kuwa mali ya mwingine? Anaanza kuyatilia shaka yote aliyoyasema. Lakini watu wameshayapokea. Anataka wasubiri na kujiandaa, nao wanataka kwenda kesho, maana wana maji. Wanakwenda, na bombomu za Wajerumani zinawafyeka.

Mwishoni yuko gerezani. Kitunda, rafiki yake na kiongozi wa wapiganaji, anamsihi akubali kusema kwamba maji yalikuwa uongo, maana ndicho Mjerumani anachokitaka. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akisema hivyo, kesho wajukuu wao wataambiwa kuwa babu zao walikosea kupigana.

Alikuwa mwongo?

Hapa tulirudi kwenye madaftari yetu ya falsafa. Aristotle anafundisha kwamba shujaa wa tanzia si mtu mwema kabisa wala mwovu kabisa. Ni mtu kama sisi, anayeanguka kwa kosa fulani. Kinjeketile anaingia vizuri katika maelezo hayo. Lakini kosa lake ni lipi?

Plato, katika *Jamhuri*, anawaruhusu watawala kuwaambia raia uongo mmoja kwa faida ya umoja wa mji. Mtu anaweza kusema maji ya Kinjeketile yalikuwa uongo wa namna hiyo, kwa kuwa yaliunganisha makabila. Mtakatifu Augustino hakubali. Aliandika vitabu viwili dhidi ya uongo, na msimamo wake ni kwamba hakuna uongo unaoruhusiwa, hata wenye nia njema. Lakini Augustino huyo huyo anatusaidia kuwa waangalifu, maana kwake mwongo ni yule anayesema kinyume cha kilichomo moyoni ili kudanganya. Anayesema kosa akiliamini amekosea, lakini hajadanganya.

Tukitumia kipimo hicho, Kinjeketile ana nyakati tatu. Pale mtoni hakudanganya, kwa kuwa aliamini. Pale gerezani tutafika baadaye kidogo. Wakati mgumu ni ule wa katikati, anapokuwa na shaka na watu wanazidi kuja kuchukua maji. Anawaambia wasubiri, lakini hawaambii sababu yote. Hasimami kusema, "Ndugu zangu, sehemu moja ya niliyoyasema siielewi mwenyewe." Kwa maoni yetu, hapo ndipo alipoteleza. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hussein anaonyesha kwamba kuna muda, mfupi sana, ambapo maji bado yako kwenye mtungi na mtu anaweza kuyashika. Kinjeketile aliukosa muda huo kwa sababu aliogopa kuuvunja umoja ambao maneno yake yalikuwa yameujenga.

Sasa gerezani. Wengine wanamlaumu kwa kufa na uongo mdomoni. Sisi tunaona kwamba alichotakiwa kusema kilikuwa mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza, maji hayazuii risasi. Hilo ni kweli. La pili, kwamba kuikataa dhuluma lilikuwa kosa. Hilo si kweli. Mjerumani alitaka amkubalie la kwanza ili apate la pili bure. Mtu akiulizwa swali la namna hiyo, "ndiyo" inamdanganya na "hapana" inamdanganya pia. Njia ya haki ni kuifungua kamba, kukiri kosa la maji na kuitetea haki ya watu. Kinjeketile hakupewa nafasi hiyo, au hakuiona. Alichagua kulinda la pili hata kama la kwanza lingebaki bila kurekebishwa.

Tulimpa kijana wetu jibu hili: "Usimwigize mwongo, wala usimwigize malaika. Mwigize mtu aliyechelewa."

Jibu kwa mzee

Mzee alisema kweli juu ya Askofu. Tarehe 14 Agosti 1905, huko Mikukuyumbu upande wa Liwale, wapiganaji wa Maji Maji walimuua Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliokuwa safarini naye. Misheni ya Peramiho nayo ilichomwa. Hawa ni watu wa Kanisa letu, na si sawa kuucheza mchezo huu kana kwamba damu yao haikumwagika.

Tulimwambia mzee hivyo. Kisha tukamwambia tulichojifunza kwa uchungu. Wapiganaji wale hawakumtofautisha mmisionari na askari wa serikali. Waliona Mzungu, basi. Sisi tunaojiandaa kwa upadre inatubidi tujiulize Injili ilisikikaje masikioni mwa mtu aliyepigwa viboko asubuhi shambani, akahubiriwa jioni na mtu wa rangi na lugha ya aliyempiga. Kuuliza hivyo si kuwahukumu wale watano. Walitoa maisha yao. Ni kutaka kujua kwa nini neno jema linaweza kusikika vibaya kutokana na mahali linapotokea.

Kuhusu mganga, tulimkumbusha mzee kitu anachokijua kuliko sisi. Wairaqw wana slufay, maneno ya sala na baraka yanayosemwa na mzee mbele ya watu huku waliopo wakiitikia. Anayeisema hazungumzi kwa ajili yake peke yake. Watu wakiitikia, maneno yanakuwa ya wote. Mzee alicheka kidogo, akasema, "Ndiyo maana hatumpi kila mtu." Hatukuhitaji kuongeza neno.

Barabara ya Samunge

Tungeweza kuishia hapo, lakini sisi wa Karatu na Ngorongoro tuna sababu nyingine ya kumsoma Hussein. Mwaka 2011 tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka magari yaliyopanda kutoka Mto wa Mbu, mabasi, pikipiki, magari ya wagonjwa, mengine yenye namba za Kenya. Walikuwa wanakwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwa Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Alisema Mungu alimwonyesha dawa ya mti. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Foleni ilifika kilomita nyingi. Walikwenda maskini na wakubwa wa serikali, Wakristo na Waislamu. Wapo waliofia foleni. Madaktari walilazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa za hospitali. Babu alifariki mwaka 2021.

Hatuandiki haya kumhukumu marehemu. Aliishi maisha ya kawaida, na moyo wake anaujua Mungu. Tunaandika kwa sababu sisi wenyewe tuliona, tukiwa watoto pembeni mwa barabara ya lami, kile ambacho Hussein aliandika mwaka 1969. Watu wenye mateso ya kweli wakipata neno la matumaini hawaulizi maswali mengi. Mateso ya Wamatumbi yalikuwa viboko na pamba. Mateso ya waliokwenda Samunge yalikuwa Ukimwi, saratani, kisukari, na hospitali zilizo mbali. Anayewacheka hajawahi kuuguza. Lakini ukubwa wa kiu ya watu ndio unaomdai mwenye mtungi aseme wazi ndani kuna nini.

Sisi wenye mtungi

Baada ya *Kwenye Ukingo wa Thim*, Ebrahim Hussein aliishi kimya Dar es Salaam. Alijitenga na majukwaa, hata jina lake lilipokuwa linafundishwa madarasani. Hatutamwekea sababu mdomoni. Tunaona tu kwamba mtu aliyeandika vizuri kuliko wengi juu ya hatari ya neno linaloachiwa ovyo hakuwa na haraka ya kusema zaidi. *Kinjeketile* ni kitabu chembamba, na miaka zaidi ya hamsini haijakimaliza.

Miaka michache ijayo, Mungu akipenda, tutasimama kwenye mimbari za Karatu, Mang'ola, Endabash na vigango vya Wamaasai kule juu. Mama aliyelala njaa atatusikiliza. Mfugaji mwenye wasiwasi juu ya malisho na maji ya ng'ombe wake atatusikiliza. Wataamini tutakachosema kwa sababu ya kanzu tutakayovaa. Kutakuwa na kishawishi cha kuwaahidi mvua, uponyaji na ushindi, kwa kuwa ahadi inaleta umoja na inajaza kanisa. Kinjeketile anatufundisha mambo mawili. Kwanza, tusiseme zaidi ya tulichokabidhiwa. Pili, tukigundua tumekosea, tuseme mapema, kabla watu hawajaondoka na maji yetu kwenda mahali penye risasi. Na wenye nguvu wakitutaka tukiri kosa letu ili wapate kuidharau haki ya maskini, tuwe na akili ya kuifungua ile kamba.

Mchezo ulifanyika Jumapili baada ya Misa ya pili, uwanjani, kwa kuwa ukumbi haukutosha. Katika onyesho la gereza, kijana wetu alikaa kimya muda mrefu kabla ya kumjibu Kitunda, hadi akina mama wa WAWATA wakadhani amesahau maneno. Hakuwa amesahau. Mwishoni mzee alisimama na fimbo yake. Tuliogopa kidogo. Alivua kofia, akawataja Askofu Spiss na wenzake wanne, kisha akawataja wapiganaji waliokufa wakiwa na maji vifuani, akaanzisha sala ya marehemu kwa ajili ya wote. Uwanja mzima ukaitikia.